Jinsi ya kutambua bismuthiniti bila kuichanganya na stibniti wala galena: mwongozo kamili

Picha zinazonifikia zinafanana: kwatzi nyeupe, na ndani yake vijiti vya kijivu vinavyong'aa, vingine vimeshika rangi za upinde wa mvua juu. Swali nalo ni moja: "Hii ni bismuthiniti au siyo?" Kwa picha peke yake hakuna anayeweza kujibu kwa uhakika, hata awe mjiolojia wa miaka mingi. Bismuthiniti ni salfaidi ya bismuthi, yaani metali hiyo iliyoungana na salfa. Stibniti, ambayo ni salfaidi ya antimoni, ina muundo uleule wa fuwele. Antimoni imekaa mahali ambapo bismuthi ingekaa. Ndiyo maana vijiti vinafanana, michirizi ya urefuni inafanana, na hata kupinda vinapinda namna moja.

Wengi wanaoshindwa wanavyo vifaa vya kutosha. Kinachowaangusha ni kupima kitu kimoja tu, mara nyingi uzito, tena kwenye kipande kilichochanganyika na kwatzi, kisha kutoa hukumu papo hapo. Hapa tutakwenda kwa kuondoa: kila hatua inafuta jina moja au mawili kwenye orodha, na hatua inayofuata haianzi mpaka ile iliyotangulia imetoa jibu.

## Vifaa

Vitu vingi utavipata kwa sonara, duka la vifaa vya ujenzi au maabara ya shule.

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01.
- Kikombe chepesi cha plastiki, maji safi, uzi mwembamba na tone la sabuni ya kuoshea vyombo.
- Kipande cha kigae cheupe, upande wa nyuma usiopakwa rangi.
- Sarafu ya shaba au kipande cha waya wa shaba, na msumari wa chuma.
- Kisu chenye ncha, nyundo ndogo na kipande kinene cha chuma cha kugongea.
- Mkaa mgumu wenye uso bapa, mshumaa, na bomba jembamba la shaba lenye tundu dogo nchani, la aina ambayo masonara hutumia kupulizia moto.
- Soda ya kuokea.
- Potasi kostiki kidogo, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni ya maji.
- Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, na ndoo ya maji karibu.
- Daftari na kalamu.

Usianze kabla ya kupata miwani na glavu. Potasi kostiki ikiingia jichoni inaharibu macho kwa haraka sana, na moto wa hatua ya sita unaweza kutoa moshi wenye sumu.

## Hatua ya 1: Tazama ulipoliokota

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, nayo ndiyo inayorukwa zaidi ya zote. Bismuthiniti ina makazi yake. Huzaliwa kwenye maji ya moto yaliyotoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka) ya graniti wakati inapoa, na hayo maji ndiyo yaliyobeba pia wolframu (tungsteni), bati, molibdeni, aseniki na wakati mwingine dhahabu. Kwa hiyo jiulize: je, kuna graniti karibu? Je, mshipa una wolframiti nyeusi (mtapo wa wolframu), kasiteriti (mtapo wa bati), turmalini, mika nyeupe au topazi?

Kama jibu ni ndiyo, bismuthiniti ina nafasi. Kama mshipa uko mbali na graniti na una kwatzi ya chembe ndogo sana yenye kalsiti na udongo, basi stibniti ina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu antimoni hupenda kutulia kwenye maji yaliyokwisha kupoa.

Duniani, mahali panapojulikana sana ni Cerro Tasna kule Bolivia, ambako bismuthi imewahi kuchimbwa kama zao kuu la mgodi, jambo lililo nadra mno. Kwingineko bismuthi hupatikana kama zao la pembeni: Shizhuyuan katika jimbo la Hunan, China, na Núi Pháo nchini Vietnam, ni migodi ya wolframu ambayo mtapo wake una bismuthi. Kingsgate huko New South Wales, Australia, ina bismuthi na molibdeniti (salfaidi ya molibdeni) pamoja. Katika milima ya Saxony, Ujerumani, imetoka pamoja na fedha na kobalti.

Kwetu, ukanda wa kuangalia ni ule wa Karagwe-Ankole, unaoanzia kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukapita Ankole na Kigezi nchini Uganda, ukaingia Rwanda na Burundi. Graniti zake zilizoleta bati zina umri wa takriban miaka milioni 1,000. Ng'ambo ya pili, katika Kivu na Maniema nchini Kongo, kuna miamba ya ukoo huohuo. Kyerwa mkoani Kagera wanachimba bati. Nyakabingo nchini Rwanda wanachimba wolframu. Na kusini-magharibi mwa Uganda, eneo la Kigezi, bismuthi yenyewe imewahi kuchimbwa. Kusini zaidi, pegmatiti (miamba ya ukoo wa graniti yenye fuwele kubwa) za Alto Ligonha nchini Msumbiji zimetoa madini ya bismuthi ya aina kadhaa.

Andika daftarini: jina la mahali, aina ya mwamba, madini yaliyoambatana nayo, na kama kipande umekitoa kwenye mwamba wenyewe au kwenye kifusi. Kipande cha kifusi kinaweza kuwa kimetoka duara (shimo la kuchimbia) jingine kabisa, na hapo taarifa ya mahali haikusaidii.

Tahadhari. Usiingie kwenye duara lililoachwa ili kutafuta sampuli. Hewa chini inaweza kuwa haina oksijeni, na kuta zisizo na magogo huanguka bila ishara. Kama eneo lina mwenye leseni, omba ruhusa kwanza.

## Hatua ya 2: Tafuta ukoga wa njano

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote za kutazama kwa macho. Bismuthiniti ikikaa kwenye hewa na maji ya mvua kwa muda mrefu, hugeuka taratibu kuwa bismutiti, yaani kaboneti ya bismuthi, au kuwa oksidi yake. Matokeo ni ukoga au unga wa njano, njano-kijani, kijivu-kijani au rangi ya majani makavu, unaozunguka vijiti vya kijivu au uliochukua nafasi yao kabisa huku umbo la kijiti likibaki.

Chukua lenzi. Zungusha jiwe kwenye mwanga wa jua, usitumie tochi ya simu, kwa sababu mwanga wake wa buluu huficha njano hafifu. Tazama hasa kwenye nyufa na kwenye mpaka kati ya vijiti na kwatzi.

Shida ni kwamba stibniti nayo hutoa ukoga wa njano na mweupe ikioza. Ukoga basi hautoshi kutenganisha hizo mbili. Kazi yake ni kukutoa kwenye galena (salfaidi ya risasi) na molibdeniti. Galena ikioza hutoa ukoga mweupe au wa kijivu kwa kawaida, na molibdeniti hutoa unga wa njano angavu unaofanana na salfa, ambao hauko ndani ya umbo la kijiti bali umetapakaa juu ya kwatzi.

Ukiona njano na pia kijani cha shaba kwenye kipande kimoja, andika. Huenda una aikiniti, ndugu wa bismuthiniti mwenye risasi na shaba ndani yake. Tutarudi kwake kwenye hatua ya saba.

Umefaulu ikiwa umeona angalau sehemu moja ambapo ukoga umekaa juu ya kijiti chenyewe. Kama hakuna ukoga wowote, usikate tamaa. Sampuli kutoka chini ya usawa wa maji ya ardhini mara nyingi huwa safi.

## Hatua ya 3: Kucha, shaba na kigae

Sasa ondoa madini magumu. Kwaruza kijiti kwa ukucha. Bismuthiniti ina ugumu wa 2 hadi 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwa hiyo ukucha utaacha alama, wakati mwingine kwa kukaza kidogo. Shaba itaikwaruza bila shida.

Kama shaba inateleza na msumari wa chuma nao unasumbuka, simama. Jiwe hilo yaelekea ni arsenopiriti, salfaidi ya chuma na aseniki, yenye ugumu wa 5.5 hadi 6. Arsenopiriti ni mwenzi wa kawaida wa bismuthiniti kwenye mishipa ya wolframu, na wengi huichukua kwa sababu ni nzito na inang'aa. Ukiigonga hutoa harufu kama ya kitunguu saumu. Usiichome kamwe.

Wolframiti nayo huondoka hapa: ni nyeusi au kahawia iliyokolea, ugumu wake ni 4 hadi 4.5, na kwenye kigae huacha mchirizi wa kahawia au mweusi.

Kisha piga mchirizi kwenye kigae. Bismuthiniti huacha rangi ya kijivu ya risasi. Molibdeniti huacha kijivu chenye kijani kidogo, na ukiipitisha kwenye karatasi itaandika kwa urahisi. Ukiishika inateleza kama imepakwa mafuta, na hupasuka kwa vibati vyembamba sana vinavyopinda.

Angalia mpasuko pia. Kwa ncha ya kisu, gusa kijiti polepole. Bismuthiniti hupasuka vizuri kwa upande mmoja, kwa urefu, ikitoa vipande virefu bapa. Galena hupasuka pande tatu zinazokutana kwa pembe mraba, hata chembe ndogo huwa mchemraba. Mtu akiona michemraba midogo chini ya lenzi, hana haja ya kuendelea: ana galena. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nusu ya maswali kuhusu bismuthi yangeisha hapa, kwa lenzi ya bei rahisi na dakika moja ya kutazama.

Baada ya hatua hii, kama jiwe ni laini, la kijivu, lenye vijiti na mpasuko mmoja, wamebaki hasa watatu: bismuthiniti, stibniti, na kundi la ndugu wa bismuthiniti wenye risasi na shaba.

## Hatua ya 4: Densiti, na mahali watu wanapoanguka

Densiti ni gramu ngapi zimo katika sentimita moja ya ujazo, na takwimu zake ziko wazi. Densiti ya stibniti ni karibu 4.6, ya bismuthiniti karibu 6.8, ya galena karibu 7.5. Kwatzi ni 2.65. Tofauti kati ya 4.6 na 6.8 ni kubwa, hata mkono unaihisi. Kwa nini basi watu wanakosea?

Fanya hesabu hii. Kipande ambacho nusu ya ujazo wake ni bismuthiniti na nusu ni kwatzi kitakuwa na densiti ya (6.8 + 2.65) ÷ 2, yaani 4.7. Hiyo ni densiti ya stibniti safi karibu kabisa. Mtu anapima jiwe zima, anapata 4.7, anasema "stibniti," na kutupa bismuthiniti. Kinyume chake hutokea pia: stibniti iliyochanganyika na galena inaweza kufika karibu 6, ikampa mtu matumaini yasiyo na msingi.

Kwa hiyo kazi kubwa ya hatua hii ni kusafisha, hata kabla ya kugusa mizani.

Vunja jiwe taratibu kwa nyundo ndogo. Chagua chini ya lenzi vipande ambavyo havina kwatzi inayoonekana kabisa. Kusanya angalau gramu 5. Kama huwezi kupata kipande kimoja cha gramu 5, kusanya vipande vidogo kadhaa na uvifunge pamoja kwa uzi. Mradi vyote viwe safi. Gramu 2 zinatosha kwa dharura, lakini makosa ya mizani yanakuwa makubwa.

Sasa pima:

1. Weka vipande vikavu kwenye mizani. Andika uzito. Tuseme umepata gramu 6.80.
2. Weka kikombe cha maji kwenye mizani, ongeza tone la sabuni, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Ning'iniza vipande kwa uzi ndani ya maji, vizame kabisa bila kugusa chini wala pembeni. Shika uzi kwa mkono uliotulia au uufunge kwenye kijiti kilichowekwa juu ya vitu viwili pembeni.
4. Tikisa kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Sabuni husaidia kwa hili.
5. Soma mizani. Namba inayoonekana ni ujazo wa vipande kwa sentimita za ujazo. Tuseme ni 1.00.
6. Gawanya: 6.80 ÷ 1.00 = 6.80.

Mizani inasoma hivyo kwa sababu maji yaliyosukumwa na jiwe yanarudisha nguvu chini kwenye kikombe, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Ukiacha jiwe liguse chini, mizani itasoma uzito wa jiwe pia na jibu litakuwa takataka.

Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya 0.3, kuna viputo au kuna kipande kinachogusa kikombe.

Soma hivi: chini ya 5, na una uhakika vipande ni safi, ni stibniti. Kati ya 6.4 na 7.2, bismuthiniti au ndugu zake. Juu ya 7.3, rudi hatua ya tatu utafute michemraba ya galena. Kati ya 5 na 6.4, vipande si safi. Rudi kwenye nyundo na lenzi, wala usisonge mbele.

Ukipata namba iliyo juu ya 9, una bahati ya aina nyingine: huenda ni bismuthi asilia, yenye densiti ya karibu 9.8 na weupe unaoelekea waridi pale inapovunjika.

## Hatua ya 5: Tone la potasi

Hapa stibniti na bismuthiniti zinatengana bila mabishano.

Vaa glavu na miwani. Weka maji kidogo kwenye chombo cha plastiki, kisha ongeza potasi kostiki polepole, sehemu mbili za potasi kwa sehemu tatu za maji kwa uzito. Mchanganyiko utapata joto. Usimwage maji juu ya potasi. Daima potasi ndiyo huingia kwenye maji. Usitumie chombo cha aluminiamu, kitaliwa na kutoa gesi inayoshika moto.

Chagua uso mpya uliopasuliwa muda huohuo, usio na ukoga. Weka tone moja kwa kijiti cha plastiki. Subiri dakika chache.

Stibniti hushika rangi ya njano hadi chungwa pale tone lilipokaa. Bismuthiniti haibadiliki.

Sababu ya kutaka uso mpya ni kwamba ukoga wa njano wa asili unaweza kukudanganya ukadhani ni rangi iliyoletwa na tone. Kama huna uhakika, piga picha kabla na baada kwenye mwanga uleule.

Ukimaliza, osha jiwe na meza kwa maji mengi. Masalia ya potasi usiyaache pale watoto wanapofika. Maji haya yanaonekana kama maji ya kawaida, na mtoto hatayatofautisha.

Umefaulu ikiwa jibu la tone na jibu la densiti yanakubaliana: rangi haibadiliki, na densiti iko kwenye 6.4 hadi 7.2. Yakipingana, amini tone kuhusu uwepo wa antimoni, kisha uchunguze tena usafi wa vipande.

## Hatua ya 6: Moto juu ya mkaa

Hatua hii inakuonyesha bismuthi yenyewe. Fanya nje, upepo ukikupiga mgongoni, mbali na jikoni na watoto. Kama jiwe lilitoa harufu ya kitunguu saumu ulipoligonga, ruka hatua hii yote. Moshi wa aseniki unaua.

Saga kipande kidogo cha madini, cha ukubwa wa punje ya mchele, kiwe unga. Chukua soda ya kuokea mara tatu ya hapo, changanya, na ulowanishe kwa tone la maji ili unga usipeperuke. Chimba kishimo kidogo kwenye mkaa, weka mchanganyiko ndani.

Washa mshumaa. Kwa bomba, puliza mwali kwa upole uinamie kishimo. Vuta pumzi kwa pua na kupuliza kwa mdomo. Usivute hewa kupitia bomba hata mara moja. Soda ikipata moto hugeuka sodiamu kaboneti, hushika salfa, na mkaa huondoa oksijeni, mpaka metali inabaki peke yake.

Baada ya muda utaona vitone vya metali vinavyong'aa. Wakati huohuo tazama utando unaotua kwenye mkaa kuzunguka kishimo:

- Bismuthi: utando wa njano-chungwa ukiwa wa moto, njano ya limau ukipoa.
- Risasi: njano ya salfa karibu na kishimo, ikizungukwa na ukingo mweupe wenye buluu kidogo.
- Antimoni: utando mzito mweupe, unaoruka tena ukiguswa na mwali.

Acha vipoe. Toa kitone kimoja, kiweke kwenye chuma, kigonge kwa nyundo. Kitone cha risasi hubapa na kubaki kizima, unaweza kukikunja. Kitone cha bismuthi hubapa kidogo tu, kisha hupasuka vipande. Cha antimoni huvunjika mara moja.

Jaribio la kitone nalipenda kuliko la utando, kwa sababu rangi za utando huharibika pale madini yana risasi na bismuthi pamoja, wakati nyundo inatoa jibu ambalo hata mtu asiyeona rangi vizuri anaweza kulisoma.

Wenye nafasi kwenye maabara ya shule wanaweza kuongeza jaribio moja: changanya unga wa madini na salfa na iodidi ya potasiamu, kisha choma juu ya mkaa chini ya mfereji wa kutolea moshi. Bismuthi hutoa utando mwekundu wa rangi ya tofali. Risasi hutoa njano. Usilifanye jaribio hili nyumbani.

Umefaulu ikiwa kitone kimevunjika na utando ni wa njano ya limau. Hapo una madini yenye bismuthi nyingi. Bado hujathibitisha kwamba ni bismuthiniti safi.

## Hatua ya 7: Maabara, na namna ya kuiuliza

Bismuthiniti safi, Bi₂S₃, ina bismuthi asilimia 81.3 na salfa asilimia 18.7. Lakini muundo wake unakubali wageni. Shaba na risasi zikiingia pamoja, hupatikana mfululizo wa madini unaoishia kwenye aikiniti, CuPbBiS₃, yenye bismuthi asilimia 36 tu, risasi asilimia 36 na shaba asilimia 11. Katikati yake kuna krupkaiti, gladiti, hammariti na wengine, wote wa kijivu, wote wa vijiti, wote laini. Aikiniti yenyewe inajulikana zaidi kutoka Berezovsky katika milima ya Ural, Urusi, ambako imo ndani ya kwatzi kama sindano, pamoja na dhahabu. Kosaliti, Pb₂Bi₂S₅, ilipata jina kutoka Cosalá, jimbo la Sinaloa, Mexico. Hakuna ukucha, kigae wala mshumaa utakaowatenganisha hawa.

Kwa hiyo tuma sampuli. Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ina maabara. Uganda, idara ya jiolojia na migodi iko Entebbe. Vyuo vikuu vyenye idara za jiolojia navyo husaidia. Usitume sampuli nje ya nchi bila kibali, hata kama ni kipande kidogo cha mfukoni.

Kosa la hapa ni kuomba "kipimo cha bismuthi" tu. Utarudishiwa asilimia, na hutajua ni madini gani yaliyoibeba. Omba vitu vitatu:

1. Utambuzi wa fuwele kwa miale ya eksirei. Huu hutaja madini. Toa vipande safi ulivyochagua kwenye hatua ya nne, usitoe jiwe zima.
2. Uchambuzi wa elementi, wakitaja bismuthi, risasi, shaba, antimoni, aseniki, wolframu na telluri.
3. Dhahabu kwa njia ya kuyeyusha. Dhahabu na bismuthi husafiri pamoja kwenye mishipa mingi ya kwatzi. Bismuthi huyeyuka kwa nyuzi 271 tu za Selsiasi, kwa hiyo kwenye mwamba wa moto inaweza kuwa kimiminika na kuikusanya dhahabu iliyomo majini. Mchimbaji mdogo aliyepata bismuthiniti akaacha kupima dhahabu ameacha sehemu ambayo huenda ndiyo yenye faida.

Wakikupimia kwa mashine ya mkononi ya eksirei, ile inayofanana na bunduki, sikiliza kwa makini. Mashine hutambua kila elementi kwa mistari yake ya nishati. Mstari mkuu wa bismuthi uko kwenye 10.84 kilo-elektronivolti na wa risasi kwenye 10.55, karibu sana. Na wa aseniki unakaribia kulaliana na ule wa risasi. Mwombe anayepima athibitishe kwa mstari wa pili wa bismuthi ulio kwenye 13.0. Kuhusu salfa, mashine hizo huchanganya mistari yake na ile ya risasi, bismuthi na molibdeni, hivyo asilimia ya salfa kutoka kwenye bunduki isikupe furaha wala huzuni.

Majibu yakirudi, soma kwa uwiano. Bismuthi nyingi, salfa, na risasi na shaba chini ya asilimia moja au mbili: bismuthiniti. Risasi na bismuthi zinakaribia kulingana na shaba ipo kwa wazi: ukoo wa aikiniti. Risasi na bismuthi zinakaribia kulingana bila shaba ya maana: fikiria kosaliti. Kama uchambuzi wa fuwele unasita kati ya majina mawili ya mfululizo huo, kifaa kinachofuata ni hadubini ya elektroni inayopima kemia ya chembe mojamoja, na hiyo mara nyingi hupatikana kupitia chuo kikuu.

## Kabla ya kumpigia mnunuzi

Weka kipande kimoja kisichopimwa kwenye mfuko wake, na karatasi yenye mahali, tarehe, densiti, jibu la tone, jibu la kitone, na nakala ya ripoti ya maabara. Mnunuzi wa kweli atauliza kiasi cha tani na kama mshipa uko sawasawa mahali pote. Jiwe moja zuri halimwambii chochote kuhusu hilo. Mgodi ambao bismuthi peke yake inaulipia ni nadra sana, kwa hiyo hesabu yako ianze na wolframu, bati au dhahabu iliyo kwenye mshipa huohuo, kisha bismuthi iongezwe juu yake.

Na kifusi cha mtapo huu usikiache karibu na kisima. Arsenopiriti iliyomo huoza na kuachia aseniki kwenye maji, hata pale ambapo bismuthiniti yenyewe imekaa kimya.